Mpambe wangu ana mimba, zipu haipandi. Nimtoe?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 28, naishi Tabata, Dar es Salaam. Naolewa Jumamosi ya wiki ijayo ile ya pili, zimebaki siku kumi na nane. Ibada ni saa nane mchana, ukumbini tunaingia saa moja usiku. Send-off ilipita salama, kamati inakusanya michango vizuri, mchumba wangu hana neno. Kinachoninyima usingizi ni magauni ya wapambe.

Wapambe wangu ni watano. Mdogo wangu wa damu, wawili niliosoma nao chuo, wifi yangu, na Neema (si jina lake). Huyu tumetoka naye mbali. Shule ya bweni kitanda kilikuwa kimoja cha ghorofa, yeye juu mimi chini, miaka minne.

Kitambaa nilinunua mwenyewe Kariakoo, satini ya damu ya mzee, upana inchi 60, mita 18. Tulikubaliana kila mtu alipie ufundi, shilingi 60,000. Mtindo niliuchagua mimi: mabega wazi, kubana hadi magotini, halafu linaachia chini. Kwa kuwa wengine wako mikoani, vipimo vilitumwa kwa WhatsApp, nikamfowadia fundi. Hiyo ni miezi mitatu iliyopita.

Jumapili tukakutana kwa fundi kujaribu. Neema alipanda treni ya umeme kutoka Dodoma kwa ajili hiyo tu. Alipovaa, zipu ikapanda mpaka katikati ya mgongo, ikagoma. Fundi akavuta, mdogo wangu akavuta, tukacheka kidogo, halafu Neema akaanza kulia. Ndipo akasema ana mimba ya miezi mitano. Shangazi, miezi mitano, na mimi sikuwa najua!

Fundi akasema hapo hakuna la kufanya, ashonewe jingine, na kitambaa kilichobaki hakitoshi. Jana nikarudi dukani. Lile jora limekwisha. Lililopo wanasema ni rangi ileile, lakini kwa macho yangu linakwenda kwenye wekundu.

Si hilo tu. Tulipotoka nje kupiga picha juani, gauni la mdogo wangu likaonekana limepauka kuliko ya wenzake. Wote wakaliona. Na wifi akatangaza kwamba yeye hasimami madhabahuni na mabega wazi, jioni mama mkwe akanipigia kuhusu jambo hilohilo. Cha ajabu, wifi ndiye peke yake ambaye hajalipa ile 60,000.

Mama mdogo anasema nimtoe Neema, nimwingize binamu yangu ambaye lile gauni litamwenea kama alipimwa yeye. Anasema harusi ni siku moja, lakini picha zinakaa. Nimemwandikia Neema ujumbe mara tatu, nikaufuta mara tatu. Kwenye kundi la wapambe watu wanasoma tu, hawajibu.

Nifanyeje?

Bibi harusi mtarajiwa, Tabata

* * *

Marahaba mwanangu, na hongera.

Ule ujumbe ulioufuta mara tatu, ukiuandika tena ufute mara ya nne. Kisha tuongee habari ya kitambaa, maana huko ndiko nilikotokea. Kabla sijapewa safu hii nilikaa kwenye cherehani miaka kumi na tisa, kwanza Tanga, baadaye Ilala. Magauni ya wapambe niliyoyashona sina hesabu yake, na yaliyorudi kufumuliwa yanatosha kujaza daladala.

Fundi amekwambia kilichobaki hakitoshi. Umekiona? Umekipima kwa futi kamba, au umeambiwa tu? Nakuuliza kwa sababu gauni refu la namna hiyo, kwa kitambaa cha inchi 60, linakula mita tatu. Mpambe akiwa mrefu sana, mita tatu na robo. Tuseme wote watano ni warefu kama twiga: mita 16 na robo. Ulinunua 18. Kuna mita moja na robo tatu mahali fulani, kama haiko kwenye mfuko chini ya meza ya kukatia, basi imeshageuka sketi ya mtoto wa mtu. Mabaki ni mali yako. Kesho asubuhi nenda uyaulize, kwa upole, lakini uyaulize kabla ya jambo lingine lolote.

Yakipatikana, gauni la Neema limepona. Msikilize Shangazi, na barua hii umwonyeshe fundi.

Lile gauni lisitupwe. Lifumuliwe mbele tu, likatwe chini ya kifua. Sehemu ya juu ibaki. Sehemu yote ya mbele, kuanzia chini ya kifua hadi sakafuni, ikatwe upya kutoka kwenye mabaki: mita moja na sentimita 35 kwa urefu, upana wote wa kitambaa, ivutwe marinda madogo iingie kwenye ule mshono wa chini ya kifua. Hapo mbele panaachia, panapita juu ya tumbo bila kulibana, na mgongo unabaki na umbo lilelile la wenzake. Nyuma, zipu itolewe. Pawekwe vitanzi na kamba ya kufungia, na ndani yake kipande cha satini ili ngozi isionekane. Zile sentimita 40 zilizobaki zinatosha kipande hicho, na vipande viwili vya kuongeza kwapani kama kifua nacho kimeongezeka, na kitakuwa kimeongezeka. Bitana nayo iongezwe. Mafundi wengi hupanua gauni wakasahau bitana, mtu akivaa anasikia inapasuka ndani kwa ndani.

Uzuri wa kamba ni kwamba inasamehe. Leo unaikaza, kesho unailegeza inchi tatu. Zipu haina huruma hiyo.

Kuna jambo moja ambalo fundi kijana huenda halijui, kwa hiyo liseme wewe: tumbo linakula urefu wa mbele. Mjamzito ukimkatia gauni sawa mbele na nyuma, mbele litapanda lionyeshe vidole vya miguu, nyuma litaburuza. Mbele paachiwe inchi mbili au tatu zaidi, na pindo lisikunjwe mpaka wiki yenyewe ya harusi, akiwa amesimama na viatu atakavyovaa. Viatu vifupi, tafadhali.

Vipimo vyake vipya visije tena kwa kukisia. Mwambie aingie kwa fundi yeyote wa huko Dodoma apimwe kwa mkono wa mtu mwingine: kifua, chini ya kifua, tumbo pale lilipo kubwa kabisa, na kutoka chini ya kifua kupita juu ya tumbo hadi chini. Mtu akijipima mwenyewe mbele ya kioo huvuta pumzi. Wote tunavuta. Naamini hata wale wengine walijipima hivyo, ndiyo maana nakushauri uwaulize kimyakimya nani mwingine anabanwa lakini alinyamaza Jumapili kwa kuona machozi ya mwenzake.

Na kile kitambaa kinachokwenda kwenye wekundu, kiache dukani. Rangi iliyo mbali kabisa na wenzake watu huiita mtindo. Rangi iliyo karibukaribu huitwa makosa.

Hapo tunafika kwa mdogo wako. Kabla hujamkasirikia muuzaji, chukua kipande cha mabaki, nenda nacho dirishani au mlangoni penye mwanga wa jua, kiweke juu ya gauni lake. Kitazame. Sasa kigeuze, juu iwe chini. Kitazame tena. Satini ina mng'ao unaofuata upande mmoja, ukikilaza hivi kinaonekana kizito, ukikigeuza kinapauka. Fundi anayetaka kubana kitambaa hupanga vipande vya gauni moja kichwa chini ili viingie vyote, na taa ya bandani haimwonyeshi kitu. Jua la saa tisa ndilo linalosema. Kile kipande kikifanana na gauni ulipokigeuza, basi jora lilikuwa moja na kosa ni la mkasi. Kisipofanana kwa vyovyote, jaribu kukumbuka: zile mita 18 ulikatiwa kipande kimoja, au viwili?

Kwa vyovyote vile, usilifumue. Mdogo wako ni damu yako, mfanye kiongozi wa wapambe. Asimame wa kwanza karibu nawe, ashike ua tofauti, avae mkanda wa lesi kiunoni ambao wenzake hawana. Gauni lililopauka kidogo kwa mtu wa kwanza mwenye mkanda wake halishtui jicho. Lilelile likiwa la tatu katikati ya mstari, kila mgeni ataliona hata akiwa amekaa meza ya mwisho karibu na jenereta.

Na fundi anapokata ile mbele ya Neema, achore mishale kwa chaki upande wa ndani, mng'ao uelekee upande uleule wa gauni lake la kwanza. Msimame hapohapo mmwone anachora.

Wifi yako, nakuomba radhi, yuko sahihi. Sisemi juu ya zile pesa, nitazifikia. Juu ya mabega. Mlipohudhuria mafundisho ya ndoa sidhani kama hamkuambiwa habari ya mavazi, na kama mlisinzia siku hiyo, piga simu ofisi ya parokia au usharika leo. Nimeshaona wapambe wakifunikwa kanga za wakinamama wa kwaya mlangoni, bibi harusi yuko ndani ya gari anatazama. Kanga yenyewe ilikuwa na maneno makali ya kumsema jirani. Ilikuwa katika kila picha ya kanisani.

Dawa yake ni ndogo. Nunua lesi, mita tatu, rangi ileile ya damu ya mzee au iliyokolea zaidi. Nusu mita kwa kila mmoja inatoa kikoti kifupi cha kufunika mabega na mgongo wa juu, kina kifungo kimoja mbele. Hapa usihangaike kutafuta rangi inayolingana kabisa. Lesi na satini hazifanani hata zikichovywa pipa moja, na hakuna anayetegemea zifanane. Wavae wote watano, si wifi peke yake. Ibada ikiisha, mnavua kwenye gari, mabega yanaingia ukumbini wazi kama ulivyotaka. Zile kamba za juu mgongoni mwa Neema nazo zitakuwa zimefichika kanisani kote.

Sasa kuhusu Neema mwenyewe, maana najua umekuwa ukisoma haya yote ukisubiri nifike kwake.

Umeumia kwamba hakukwambia. Naelewa. Lakini vipimo vilipotumwa alikuwa na miezi miwili, na wengi wetu tulifundishwa na mama zetu kutosema mpaka mimba ikae. Baada ya hapo ulikuwa umeshanunua kitambaa, umeshachagua mtindo wa kubana, na pengine kila siku unatuma picha za wapambe wa watu wenye viuno vya nyigu. Ungekuwa wewe, ungelisema siku gani? Na bado akapanda treni, akaja, akavaa mbele ya watu wote. Aliogopa hilohilo unalotaka kulifanya.

Mama mdogo wako anasema picha zinakaa. Kweli zinakaa. Mimi niliolewa 1994, wapambe wanne. Waliopo kwenye albamu ni watatu. Wa nne tuligombana wiki moja kabla kwa sababu ya viatu, alinunua vyeupe wakati tulikubaliana viwe vya dhahabu, nikamwambia kama hawezi vya dhahabu asije. Hakuja. Ukiniuliza leo wale watatu walivaa viatu gani, sikumbuki. Magauni yalifika chini, viatu havionekani hata katika picha moja.

Kisha huyo binamu. Umemwuliza kama anataka kuvaa gauni la mtu aliyefukuzwa? Watu wa ukumbini watajua kabla ya supu.

Kwetu Tanga sare hazikuwa zikishonwa hivi. Bibi harusi au mama yake anachagua kanga, kila mwanamke ananunua doti yake, anakwenda kwa fundi wake. Mnene anashona dira, mwembamba anashona gauni la kubana, mjamzito anajifunga moja na kujitanda ya pili, wamemaliza. Mnawajua kuwa ni kundi moja kwa rangi na jina la kanga, na hakuna aliyehitaji kuwa na kiuno cha mwenzake. Huu mtindo wa watu watano kukatwa mkato mmoja umetuletea kazi sisi mafundi, siwezi kuulalamikia sana, umenisomeshea watoto. Lakini wewe ulikuwa na nafasi ya kuchagua rangi moja ukawaachia mishono. Hukuichagua, basi. Ruhusu mmoja wao awe na mshono wake.

Mpigie simu leo, usimwandikie. Usianze na gauni. Muulize hali yake, anakula nini, kichefuchefu kimekwisha? Kisha mwambie: "Gauni lako linatengenezwa, nahitaji vipimo vipya vinne, na wewe unasimama pale tulipopanga." Akisema mwenyewe kwamba amechoka, hataki kusimama, mwachie ajitoe kwa hiari yake na umpe kazi nyingine ya heshima, hata kukaa na msimamizi wako. Asipojitoa, mwambie mzee wa kanisa amwekee kiti pembeni, ibada ya ndoa na nyimbo za kwaya mbili haziishi haraka. Na ukumbini mnaingia kwa kucheza, nadhani. Mwenye kuwafundisha step awape za kwenda mbele na nyuma, zile za kushuka chini muachane nazo. Kwanza ule mtindo wako wa kubana magotini hauwezi kushuka chini hata kwa wasio na mimba. Kwenye kujaribu kwa mwisho, kila mmoja akae kwenye kigoda, anyanyue mikono yote miwili, apande ngazi mbili. Litakalolia mshono, afadhali lilie kwa fundi.

Fundi wako usimgombeze. Vipimo alivyopewa alivishona, tatizo ni kwamba alimshonea mtu wa miezi mitatu nyuma. Kosa lake ni kukubali vipimo vya simu bila kushikiza kwanza kwa uzi wa mkono na kumwita mtu ajaribu, na kosa lako ni kutomtaka afanye hivyo. Kufumua ni kazi kuliko kushona, kwa hiyo mlipe ya ziada, nusu sasa, nusu gauni likiwa mwilini mwa Neema. Hizo siku kumi na nane zihesabu kama kumi na mbili. Jumamosi kuna harusi za wengine, na kuanzia Alhamisi fundi yeyote wa mjini huwa hapokei simu, au anapokea na kusema "nimelimaliza, bado vifungo" wakati kitambaa hakijaguswa. Pitia Jumatano na Jumatatu, asubuhi, umwone kwa macho.

Pasi: kitambaa chembamba cha pamba juu yake, moto mdogo, maji yasidondoke. Satini ikidondokewa na tone la maji hubaki na alama kama chozi.

Na ile elfu sitini ya wifi. Usimkumbushe kwenye kundi, usimwambie mama mkwe, usimwambie mchumba wako sasa hivi maana atampigia dada yake usiku huohuo na kesho utakuwa na simu ishirini. Mlipie. Mchumba wako mwambie mkiwa mmesharudi fungate, siku ambayo yeye ndiye anayetaka kukopa kitu kwako.

Shangazi